Chombo Kilicho Mkononi ni cha Nani?

Wasikilizaji, ningependa leo tuzungumze juu ya vyombo hivi vya mawasiliano ambavyo wengi wetu huvishika asubuhi kabla ya kunawa uso.

Kila uingiapo mwaka mpya, wakati wakulima wa hapa kwetu Bumula, katika kaunti ya Bungoma nchini Kenya, wanatayarisha mashamba kwa ajili ya mvua za Machi, hufunguliwa katika mji wa Las Vegas, huko Marekani, maonyesho makubwa ya vyombo vya elektroniki, ambayo yalianzia New York mwaka 1967. Haupiti muda, yakafuata ya Barcelona, nchini Uhispania, yahusuyo simu. Na ifikapo Septemba huja ya Berlin, ambayo asili yake ni ya zamani zaidi, kwa kuwa yalianza mwaka 1924 yakiwa maonyesho ya redio, na mwaka 1930 Albert Einstein mwenyewe aliyafungua kwa hotuba. Habari za maonyesho hayo hutufikia siku ile ile: simu ikunjwayo, televisheni ambayo unene wake hauonekani, saa ihesabuyo mapigo ya moyo wa mwenye kuivaa. Watangazaji wetu huzisoma habari hizi kwa furaha, nami siwalaumu, kwani ustadi wa mwanadamu wastahili kusifiwa popote ulipo. Walakini yako maswali mawili ambayo katika kumbi zile aghalabu hayasikiki, ilhali katika soko letu la Kimaeti ndiyo ya kwanza kuulizwa. La kwanza: chombo hiki kikiharibika, nani atakitengeneza? La pili: nikishakilipia, je, ni changu?

Maswali hayo kwa hakika ni swali moja, nalo ndilo lililonileta mbele yenu. Naona kwamba nyumba zetu zinajaa vyombo mwaka hata mwaka, lakini milki yetu juu ya vyombo hivyo inapungua, na inapungua bila ya kelele, kiasi kwamba mtu aweza kuwa na chombo mfukoni, akakichaji kwa fedha zake na kukipangusa vumbi kila jioni, na huku mwenye neno la mwisho juu yake ni mtu mwingine, aliye mbali, ambaye hatamwona maisha.

Hapo zamani haikuwa hivyo. Mzee aliyeuza pamba yake Malakisi, au mahindi yake baada ya mavuno mema, akafika Bungoma mjini akanunua redio ya transista, alirudi nayo nyumbani ikiwa mali yake kamili. Serikali ilimdai ada ya leseni, hilo ni kweli, lakini redio yenyewe haikumtii mtu mwingine ila yeye aliyezungusha kifungo chake. Mawe ya kuiendesha, yaani betri zake, yalitoka karibu: kiwanda cha Eveready kilijengwa Nakuru mwaka 1967, kikayatengeneza mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na huko Dar es Salaam kampuni ya Kijapani ya Matsushita iliunda redio na betri za jina la National tangu miaka ile ya 1960. Redio ikinyamaza, fundi wa sokoni aliifungua kwa bisibisi moja tu, akakiona kila kiungo mahali pake. Tena ziko redio nyingi za wakati ule ambazo watengenezaji walibandika ndani ya kifuniko cha nyuma mchoro wa nyaya zake zote, ili fundi yeyote duniani, asiyewajua wao wala wao wasiyemjua, apate pa kuanzia. Mimi naiona karatasi ile ndogo kuwa ni adabu kubwa ya biashara. Mtengenezaji alikubali ya kwamba akishapokea thamani yake, kitu kimetoka mikononi mwake, na wajibu uliobaki ni kumsaidia mnunuzi akitunze.

Simu za mkononi nazo zilipoanza kuenea, tangu mwaka 2000 ambapo kampuni za Safaricom na Kencell zilikuwa zikishindania wateja, hazikuja na tabia mbaya. Ni haki niseme kwamba hata hiyo mikutano mikubwa ya ng'ambo ilitufaa: katika mkutano wa makampuni ya simu uliofanyika Cannes, Ufaransa, mwezi wa Februari 2005, kabla haujahamia Barcelona, ilitangazwa kwamba Motorola imepewa kazi ya kuunda simu ya bei isiyofika dola 40 kwa ajili ya nchi ambazo watu wake hawakuwa na uwezo. Nokia ilikuwa imetangulia, mwaka 2003, kwa simu yake iitwayo 1100, ambayo vibonye vyake vilifunikwa visiingiwe na vumbi na juu yake pakawa na tochi. Zikauzwa ulimwenguni zaidi ya milioni 250, na huku kwetu simu za namna hiyo zikapewa jina la mulika mwizi, nazo zikawasindikiza watu njiani usiku kutoka vilioni na kuwaangazia akina mama zizini. Kifuniko chake kilifunguka kwa ukucha. Betri ikichoka, ilinunuliwa nyingine dukani, ikatiwa, na mazungumzo yakaendelea.

Hapo ndipo alipozaliwa fundi wa simu, mtu ambaye natamani tumwangalie kwa makini zaidi kuliko tunavyomwangalia. Ukipita Kimaeti au Mayanja siku ya soko utamkuta kibandani mwake, mbele yake meza yenye bisibisi ndogo ndogo, burashi, chupa ya spiriti, chuma cha kulehemu na waya wa risasi, na kando yake debe la simu zilizokufa, ambazo hazitupi, kwa kuwa kila moja ina kiungo kizima kitakachomfufua mwenzake. Huletewa simu iliyotumbukia mtoni, na iliyokanyagwa na ng'ombe, na ile ambayo mtoto aliichokonoa tundu la chaji kwa njiti. Huisikiliza, huinusa, huifungua. Yeye ajua ni simu za jina gani ambazo tundu lake hulegea upesi, na ni zipi ambazo kioo chake hupasuka kwa kuanguka kutoka kwenye kiti cha boda boda; ajua ni betri zipi zinazovimba, na ni chaja zipi zinazoua bodi kila umeme unapopungua na kurudi kwa ghafula, jambo ambalo tangu nyaya za umeme ziwafikie watu wengi kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015 limekuwa la mara kwa mara. Maarifa hayo hakuyapata chuoni. Aliyapata kwa kukaa kando ya fundi aliyemtangulia, na siku hizi kwa kutazama picha za video za mafundi wa India na wa Uchina. Lau watengenezaji wangetaka kujua vyombo vyao vinaishi maisha gani baada ya kutoka kiwandani, huyu ndiye ambaye wangemlipia nauli ya kwenda Barcelona. Ni mwalimu wao, nao hawamjui.

Dalili ya kwanza iliyoonyesha wazi kwamba chombo chaweza kuzimwa na mtu asiyekishika ilionekana usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, ambapo Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zikatwe kutoka katika mitandao, na simu zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Kabla ya siku hiyo watu walikuwa wametangaziwa wabonyeze *#06# wapate nambari ya simu zao, kisha waitume kwa 1555 ili waambiwe kama ni halali. Sababu za serikali zilikuwa na uzito, kwa maana simu zisizo na nambari ya kweli ziliwafaa wahalifu, na nyingine zilitengenezwa vibaya. Lakini hasara haikumfikia aliyeziingiza bandarini wala aliyeziuza kwa jumla. Ilimfikia mnunuzi wa mwisho, yule aliyelipa fedha halali kwa kitu alichodhani ni halali, na sidhani kwamba hiyo ilikuwa insafu.

Mwaka 2015 likaja la televisheni. Mataifa yalikuwa yamepatana Geneva mwaka 2006 kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 urushaji wa matangazo kwa njia ya analogi ukome, na Kenya, baada ya mashauri marefu mahakamani na wiki ambazo vituo vikubwa vya televisheni havikuonekana kabisa, ikauzima mtambo wa kale. Televisheni iliyokuwa nzima jana ikawa kipofu leo mpaka inunuliwe king'amuzi. Hilo nalipita upesi, kwa kuwa faida yake ilidhihirika, vituo vikawa vingi na picha ikawa safi; ila nakumbusha kwamba katika ving'amuzi hivyo vimo ambavyo mtu akishavinunua havimwonyeshi vituo vingi mpaka alipie kila mwezi, na wengi hawakulitambua hilo ila wamekwisha kuvifikisha nyumbani.

Sasa niingie katika jambo ambalo ndilo kiini. Mwezi wa Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao kwa huo mtu alitanguliza shilingi 1,000, akachukua simu ya kisasa, kisha akawa analipa shilingi 20 kila siku mpaka deni likaisha. Na M-KOPA, iliyoanza biashara yake mwaka 2012 kwa kukopesha mitambo midogo ya umeme wa jua, nayo ikaja kukopesha simu kwa mtindo huo huo. Asiyelipa, chombo chake hufungwa kutoka mbali. Sitaki kudhulumu mtu katika maneno yangu: wako vijana wengi wa Bumula ambao bila ya mikopo hii wasingaliishika simu ya maana, na wako waliopata kazi na wanunuzi wa mazao kwa sababu ya simu hiyo. Mkopo wenyewe si dhambi, na rehani ni jambo la kale katika biashara za wanadamu. Lakini katika rehani tuliyoizoea, aliyekopesha ndiye aliyeishika rehani mkononi, na mkopaji alijua kwamba haiko kwake. Katika rehani hii mpya, mkopaji huishika yeye, huitumia, huitegemea, akatia ndani yake picha za watoto wake na hesabu za chama chake, na huku ufunguo uko kwa mwingine.

Tena yatazameni mashamba yetu. Miwa ya Bumula hukaa ardhini mwaka mmoja na nusu, pengine na zaidi, kabla ya kukatwa, na hata ikishakatwa malipo yake yana safari yake. Tumbaku huleta fedha kwa msimu. Mahindi hungoja yakauke na bei ipande. Mkulima si maskini siku zote, wala si tajiri siku zote, ila fedha zake huja kwa vishindo na kupotea kwa miezi. Deni la kila siku lilitungwa kwa ajili ya mtu apataye fedha kila siku, yaani mwenye boda boda na mwenye kibanda cha mboga mjini. Ukimpa mkulima wa miwa, umempa mkataba usiojua kalenda yake, na simu itafungwa katika mwezi ule ule ambao ana haja nayo zaidi, anapomtafuta mwenye trekta au anapongoja habari ya mgonjwa aliyelazwa. Atatoa laini yake aitie katika simu ya jirani, ndiyo, na pengine atalipa baadaye na kufunguliwa. Lakini kwa nini mkopo huo usitungwe upya, ulipwe kwa msimu, ilhali wakopeshaji wanazo hesabu za kila mteja, na wajua fika fedha zake huingia lini?

Mkulima wa Bungoma na wa Trans Nzoia, wasikilizaji, si mgeni wa bidhaa yenye masharti. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi chotara iliyoitwa H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na mbegu iliyoletwa kutoka Ecuador, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoasisiwa huko huko Kitale mwaka 1956, ikaisambaza. Mbegu hiyo iliongeza mavuno kwa kiasi kilichowashangaza wazee, lakini ilikuja na sharti zito: ukihifadhi punje zake ukazipanda mwaka wa pili, mavuno hushuka, kwa hiyo yakupasa ununue mbegu mpya kila msimu. Mtu aweza kusema kwamba hapo ndipo milki yetu ilipoanza kupunguzwa, na wako wasemao hivyo mpaka leo. Mimi naona tofauti moja kubwa. Sharti lile lilitolewa hadharani. Maofisa wa kilimo walipita vijijini wakalieleza kwa maneno ambayo kila mtu aliyafahamu, na mkulima akapima mwenyewe, mavuno haya na gharama hii, akachagua. Aliyetaka kubaki na mbegu ya babu yake alibaki nayo. Uchaguzi wake ulikuwa wa hiari kwa sababu alijua.

Linganisheni na mkataba wa simu, ambao humtokea mtu kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne, kwa lugha ya mawakili, kurasa juu ya kurasa, na chini yake kibonye kimoja cha kukubali. Hakuna anayeusoma, na anayeuza ajua kwamba hausomwi. Wala si suala la mkopo peke yake, kwa sababu hata simu iliyolipiwa taslimu siku hizi hufungwa kwa gundi, betri yake haitoki ila kwa kupashwa moto, na ziko ambazo fundi akizitia kioo kipya kisichotoka kiwandani mwao, programu iliyo ndani hukitambua kioo kuwa ni mgeni na kukinyima baadhi ya kazi zake. Fundi wa Mayanja hushindwa katika kazi anayoiweza, mwenye simu huambiwa anunue nyingine, na ile ya kwanza huishia kwenye debe, kisha shimoni, pamoja na sumu zilizomo ndani ya betri yake.

Wenzetu wa Ulaya wameliona hili na kulitungia sheria. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 yataka kwamba tangu tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye chombo mwenyewe, ghairi ya vyombo vichache vilivyotajwa. Na nyingine ya mwaka 2024 yawalazimisha watengenezaji, hata dhamana ikiwa imekwisha, wakubali kutengeneza aina kadhaa za bidhaa, simu zikiwamo, kwa gharama ya haki, na nchi zote za Umoja wa Ulaya zilipewa mpaka tarehe 31 Julai 2026 kuitia katika sheria zao. Sisi tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari zitakazomwezesha kunufaika nayo kikamilifu. Nakisoma kifungu hicho na kuona kwamba mchoro ule wa nyaya uliobandikwa ndani ya redio ya babu ni katika habari hizo, na bei ya kioo cha akiba ni katika habari hizo, na jina la mwenye ufunguo kadhalika.

Nafasi tunayo. Mwezi wa Oktoba 2023 kilifunguliwa Athi River kiwanda cha kuunganisha simu, nazo zikaanza kutoka zikiwa na jina la Neon kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Ikiwa simu zaunganishwa na mikono ya vijana wetu, basi viungo vya akiba na maelezo ya kuzifungua havina safari ya bahari tena. Vyaweza kupanda basi mpaka Bungoma. Vyuo vya ufundi vya Kisiwa na Sang'alo vyaweza kupewa maelezo hayo bila malipo, na mafundi wa masokoni wakaitwa humo kwa wiki moja moja, wafundishwe na wafundishe. Shule zetu za msingi nazo zilipewa vishikwambi katika mpango ulioanza mwaka 2016, uliogawa vyombo zaidi ya milioni moja nchini kote, na mwalimu mkuu ambaye kishikwambi chake kimekufa angefurahi kujua kwamba yuko mtu wa jirani mwenye ruhusa ya kukifungua. Na nikiwa katika kuomba, niombe pia kwamba simu zinazoundwa hapa zisikose redio ya mawimbi ya FM, ile inayotumia waya wa masikioni kuwa eriali, maana katika simu za bei kubwa inaondolewa, na mama wa Siboti anayesikiliza kituo cha Sulwe kwa Kibukusu bila kulipa senti atalazimika siku moja kununua bando ili asikie sauti ya lugha yake.

Kitale huwa na maonyesho ya kilimo, yanayoandaliwa na Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1901, na humo mkulima huuliza bila ya haya mbele ya trekta jipya: vipuri vinapatikana wapi, na fundi wake yuko wapi? Muuzaji asiye na jibu haondoki na fedha za mtu. Nawaomba waandalizi wa maonyesho hayo, na wakubwa wa kaunti ya Bungoma, watenge humo kibanda kwa mafundi wa simu wa Bumula, na mkabala wake wakae wauzaji na wakopeshaji wa simu. Wananchi walete simu zao zilizokufa na zilizofungwa, zifunguliwe hadharani mchana kweupe, na kila ambayo haikufunguka, kampuni iliyoiuza iulizwe pale pale sababu yake, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, na majibu yaandikwe. Mimi nitafika na kinasa sauti, na majibu hayo nitawaletea hapa redioni kama yalivyotolewa.